Kabla hujapima gunia Kibaigwa: jaribio la wastani mmoja kwa wanaoanza utafiti

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa mwisho hapa Dodoma, iwe UDOM, Mipango au St. John's, kila msimu wa tafiti ukifika mnanijia na faili la takwimu na swali lilelile: "Kaka, hapa nitumie jaribio gani?" Swali zuri, ila limechelewa. Lilitakiwa kujibiwa kabla hujapanda basi kwenda kukusanya takwimu, na nitawaonyesha kwa nini kwa mfano wa kubuni, ila wa hukuhuku kwetu.

Tuseme unataka kujua kama magunia ya mahindi yanayopita soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, yana wastani wa kilo 100. Kilo 100 hujaziota. Ndicho kikomo kilichowekwa kisheria kwa mazao yanayofungashwa kwenye magunia, na ndiyo maana lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kikomo, ni kosa. Basi nadharia tete sifuri yako, yaani dai unaloliweka kwenye jaribio, inasema: wastani wa magunia yote ya sokoni ni kilo 100. Namba hiyo lazima itoke nje ya takwimu zako, kwenye sheria, kiwango cha ubora, sensa au utafiti wa nyuma. Kuna wanaochukua wastani wa sampuli yao, wanauviringisha kidogo, halafu wanaujaribu kwa takwimu hizohizo. Huko ni kupoteza karatasi.

Umepima magunia 25. Wastani umetoka kilo 103, mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi magunia yanavyotawanyika kuuzunguka wastani huo, kilo 8. Gawanya 8 kwa kipeo cha pili cha 25, yaani 5, unapata kosa sanifu la kilo 1.6, yaani kadirio la jinsi wastani wenyewe ungeyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine. Tofauti yako na kilo 100 ni kilo 3. Gawanya kwa 1.6, thamani ya t ni 1.875. Hesabu imeisha. Ni mistari mitatu, na mtu wa kidato cha nne anaiweza.

Sasa fungua jedwali la t kwenye digrii za uhuru 24 (magunia 25 ukitoa moja), kiwango cha asilimia 5, yaani nafasi unayoikubali ya kukataa nadharia tete sifuri iliyo kweli. Ukifanya jaribio la mikia miwili, linaloangalia wastani kuzidi au kupungua, kikomo ni 2.064, na 1.875 haifiki. Hukatai nadharia tete sifuri. Ukifanya la mkia mmoja wa juu, linaloangalia kuzidi tu, kikomo ni 1.711, na 1.875 imepita. Unakataa. Magunia ni yaleyale na mzani ni uleule, lakini majibu yamegeuka. Mwanafunzi aliyeshaona takwimu anachagua lipi? Lile linalompa "matokeo", bila shaka. Na akishachagua hivyo, ile asilimia 5 aliyoiandika kwenye sura ya tatu si asilimia 5 tena.

Mkia mmoja si haramu. Cha kuangalia ni nani anauliza. Mkulima wa Kongwa anaogopa kitu kimoja tu: gunia kuzidi, maana analipwa kwa gunia na kilo za ziada zinaondoka bure. Utafiti wa kumtetea mkulima unaweza kutumia mkia wa juu, na sababu ikaandikwa kwenye pendekezo la utafiti kabla ya kupima gunia hata moja. Mnunuzi wa Dar es Salaam anaogopa gunia pungufu, kwa hiyo wake ni mkia wa chini. Asiye na upande achukue mikia miwili. Ukiwa na mashaka, mikia miwili. Hakuna msimamizi atakayekulaumu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Sheria inazungumzia gunia, wewe unajaribu wastani. Wastani ukiwa 100 kamili na mkengeuko ukiwa kilo 8, karibu nusu ya magunia yanaweza kuwa yamezidi kikomo. Kama unachotaka kujua ni kiasi gani cha magunia kinavunja sheria, hilo ni swali la uwiano, na jaribio la wastani halitalijibu hata ukilipamba vipi.

Kuhusu programu za takwimu nitasema moja tu. SPSS na R zote, usipoziambia kitu, hulinganisha wastani wako na sifuri. Ukisahau kuandika 100 utapata t ya zaidi ya 64 na thamani ya p (nafasi ya kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama nadharia tete sifuri ni kweli) iliyo karibu kabisa na sifuri, na utafurahi sana. Umethibitisha kwamba magunia ya mahindi yana uzito.

Sampuli ndiyo inayoua tafiti nyingi kuliko hesabu. Magunia 25 ya lori moja yamejazwa na watu walewale, kwa debe lilelile, kwa hiyo yanafanana. Kosa sanifu litaonekana dogo kuliko lilivyo kwa kweli. Chukua magunia machache kwa kila mfanyabiashara, siku tofauti, na uyachague kwa bahati nasibu, si yale yaliyo karibu na mlango. Hakikisha pia mzani unasoma sifuri ukiwa mtupu. Mzani unaozidisha kilo 2 utazidisha kilo 2 hata ukipima magunia elfu.

Udogo wa sampuli peke yake usiwatishe. Jedwali hilo la t limetokana na kazi ya William Sealy Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student", akitafuta namna ya kuamua kwa vipimo vichache. Kinachotisha ni sampuli ndogo yenye takwimu zilizoegemea upande mmoja. Ukiuliza kaya 15 za Bahi zina ng'ombe wangapi, na kaya moja ina 200 huku nyingine zina watano watano, t haitakusaidia. Chora grafu kwanza.

Sampuli kubwa nayo ina mtego wake. Magunia 400 yenye wastani wa kilo 100.8 na mkengeuko uleule wa 8 yanatoa t ya 2, na kwa mikia miwili unakataa nadharia tete sifuri. Sawa, lakini ni gramu 800 kwa gunia. Kama zina uzito kwa mkulima, bei ya mahindi ndiyo itakayosema. Thamani ya p haijui bei.

Tukirudi kwenye yale 25, ukiwa ulipanga mikia miwili, usiandike "utafiti umethibitisha kuwa wastani ni kilo 100". Andika hivi: wastani wa sampuli ulikuwa kilo 103, t(24) = 1.875, p = 0.07, kwa kiwango cha asilimia 5 hakukuwa na ushahidi wa kutosha kukataa wastani wa kilo 100, wigo wa uhakika wa asilimia 95 ni kilo 99.7 hadi 106.3. Kwenye utetezi, mwalimu akikuuliza kama lumbesa ipo au haipo, mwonyeshe huo wigo, yaani wastani zote ambazo takwimu zako hazijazikataa: 100 imo ndani, na 106 pia imo. Akiuliza ungefanyaje kupata jibu linaloeleweka zaidi, mwambie magunia 100 yangeshusha kosa sanifu hadi kilo 0.8, na uwe tayari kutaja nauli na siku ambazo kazi hiyo ingehitaji.