Ile siku ya Lugogo

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma Jumapili tulipotoka kanisani, nikausoma tena usiku mama yako alipolala. Unauliza jambo moja: utie sahihi kucheza mpira wa kikapu msimu mwingine mmoja Bujumbura, au uchukue ile kazi ya kufundisha michezo shuleni Jinja, utulie. Halafu mwishoni, kama vile si kitu, ukaandika, "Baba, hii itakuwa timu ya sita, watu wananicheka." Mimi nimekwama hapo penye kuchekwa. Mkataba nitaufikia.

Niliendesha lori la polisi miaka 31. Moroto, Kasese, Arua, Mbale, Naguru, kisha Mbale tena. Dada yako alizaliwa Kasese, wewe Arua, na Kiswahili hiki mmekipata kambini kwa sababu kila mlango ulikuwa na kabila lake. Barua ya uhamisho ikija, mama yako anafunga magodoro, tunapanda. Hakuna aliyewahi kusema baba yenu anatupwatupwa. Nimekwambia tangu ukiwa darasa la saba: anayeitwa ndiye anayehitajika.

Najua utakachojibu. Mimi mwisho wa safari nilikuta pensheni. Wewe kuna timu ilikuweka miezi 3 bila mshahara, goti limevimba, unakula kwa pesa ya dada yako. Hilo ni kweli, sina la kulipinga. Na wengine humwita mtu kwa kuwa bei yake ni nafuu, hilo nalo nalijua. Hata hivyo wangeweza kumwita mwingine wa bei hiyohiyo. Walikuita wewe.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakwambia.

Unakumbuka siku niliyokuja Lugogo, pale Kampala, timu yako ya pili ilipokuacha katikati ya msimu na ya tatu ikakuchukua? Nilitoka Mbale na basi la alfajiri. Nilikaa ndani ya ule ukumbi, safu chache nyuma ya benchi lenu. Robo tatu nzima hukuingia, una taulo mabegani. Kijana mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Yule ni wa kuokota, kila mwaka ana jezi nyingine." Nilisikia vizuri. Sikugeuka. Sikusema yule ni mwanangu. Mimi niliyewahi kumfokea ofisa wa cheo kwa kumtukana turnboi wangu, siku hiyo nilitazama viatu vyangu.

Ukaingia robo ya nne, dakika 7. Mkashinda. Ukanifuata nje penye bodaboda, jasho halijakauka, ukaniuliza, "Baba, umeonaje?"

Nikakujibu, "Hukufunga."

Neno moja. Ukacheka kidogo, ukanitafutia boda wa kunipeleka kituo cha mabasi, ukamlipa wewe.

Miaka ikapita, ikafika AfroBasket ya 2021, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, ile ya Kigali. Niliitazama kwa jirani, wewe ukinipigia simu kila mapumziko. Ukanieleza habari za Ishmail Wainright, Mmarekani aliyepewa uraia wetu wa Uganda: hakuchaguliwa kuingia NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, akajaribu mpira wao wa miguu na mikono, timu ya Buffalo wakamwacha, akaanza upya Nürnberg, daraja la pili la Ujerumani, kisha Vechta hukohuko, kisha Strasbourg ya Ufaransa. Ukaniambia, "Baba, usiufuate mpira. Mfuate yeye wakati hana mpira." Nikamfuata. Nikaona anavyosimama njiani ili mwenzake apate nafasi ya kurusha, anavyomzuia mtu kwa mgongo mpira ukigonga chuma, ili mwingine audake. Tuliwapiga Nigeria 80 kwa 68. Jirani alikuwa anaruka juu ya kochi, na mimi nimekaa nimeshika kichwa, kwa sababu nilikuwa nimeshayaona hayo yote. Niliyaona Lugogo, dakika 7, yakifanywa na mtoto wangu, nikamwambia hukufunga.

Robo fainali tulitolewa na Cape Verde, na mwaka huohuo Wainright akaitwa Phoenix, timu ya NBA. Watu wakasema bahati. Anayeitwa ndiye anayehitajika.

Sikwambii wewe ni Wainright. Una miaka 33, goti lako nalijua, na Phoenix haitapiga simu. Na Jinja ni saa chache tu kutoka hapa, mama yako angekuona kila mwezi, watoto wa shule wangefundishwa na mtu anayejua kazi ile isiyohesabiwa ubaoni. Mkataba wa Bujumbura ni wa miezi mingapi? Hukuandika. Malipo ni ya kila mwezi au ni ahadi tena? Ona sasa, naanza kukuamulia. Nina jibu, mwanangu. Nimeliandika kwenye karatasi hii mara mbili na mara mbili nimelikata, kwa sababu mtu aliyetazama dakika zile 7 bila kuziona hafai kukwambia ni ngapi zimebaki.

Ila kama unaacha kwa sababu ya vijana wa nyuma ya benchi, hapo nakataa.

Pita Mbale kabla ya tarehe wanayotaka sahihi. Uje na karatasi ya daktari wa goti, niisome mwenyewe. Na ukifika, uniulize tena nilionaje siku ile ya Lugogo.

Baba yako