Kutwa, kwa pointi au kazi nzima? Kwa fundi umeme aliyepata kazi ya wiki tatu

Juzi kijana niliyemfundisha kazi alinipigia simu kutoka Kibaha. Amepata kazi ya wiki tatu, kufunga umeme kwenye vyumba vya kupangisha. Mwenye jengo amemuuliza, "Fundi, unataka nikulipe vipi?" akakosa la kusema. Alikuwa amejiandaa kutaja bei tu. Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona nikae niandike, maana hela niliyopoteza kwa kutaja bei ndogo ni kidogo ukilinganisha na ile niliyopoteza kwa kukubali namna mbaya ya kulipwa.

Kwetu mafundi umeme wa Tanzania kuna njia tatu za kulipwa. Kutwa: unalipwa kwa siku uliyofika saiti, iwe umemaliza ukuta mmoja au minne. Kwa pointi: unahesabu taa, soketi, swichi, feni, kila moja na bei yake. Kazi nzima: mnataja kiasi kimoja, unafunga mpaka umeme uwake.

Vijana wengi wanakimbilia pointi kwa sababu hesabu yake inavutia. Tuseme nyumba ina pointi 60 na mmepatana shilingi 10,000 kwa pointi. Hiyo ni 600,000. Tuseme pia kutwa yako ni 30,000 na ya msaidizi wako 15,000, jumla 45,000 kwa siku. Kama kazi ni ya siku nane, kwa kutwa mngepata 360,000. Pointi imeshinda. Lakini gawanya 600,000 kwa 45,000 uone: ni siku 13 na kidogo. Ukifika siku ya 14 bado uko saiti, ungekuwa umepata zaidi kwa kutwa, na hapo sijagusa nauli.

Sasa jiulize nani ana uwezo wa kuzichelewesha siku hizo. Kama kuta zimesimama, paa limeezekwa, vifaa viko ndani na funguo unayo wewe, kasi ni yako: chukua pointi. Kama fundi mwashi bado anapandisha tofali, saruji inakuja kwa awamu, na mwenye nyumba anakwenda Kariakoo kununua waya pale tu anapopata nafasi, kasi si yako. Hapo omba kutwa. Anayechelewesha ndiye abebe gharama ya kuchelewa. Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza, na hakijawahi kuniangusha.

Kazi nzima iliyo kubwa nimewahi kuikubali mara moja tu, Bagamoyo, kwenye nyumba ya wageni. Aliyenipa kazi si mwenye jengo bali kampuni iliyokuwa na mkataba naye. Tulipatana kiasi kimoja kwa mchoro wenye pointi 78. Msimamizi akaanza: "Fundi, hapa tuongeze soketi mbili." Kesho yake, "Huku mteja anataka kiyoyozi." Niliona ni mambo madogo nikafunga. Nilipokuja kuhesabu mwishoni zilikuwa 103, na bei ni ileile. Kibaya zaidi, nilikuwa nimekubali kauli kwamba "sisi tukilipwa, na wewe unalipwa siku hiyohiyo." Mteja wao alichelewa kuwalipa, nami nikasubiri miezi saba. Wasaidizi wangu wawili hawakuwa na mkataba na mtu yeyote isipokuwa mimi. Niliuza mashine ya kukatia ukuta nikawalipa.

Kauli hiyo ikataeni, wadogo zangu. Humjui mteja wa juu, hujaona mkataba wake, huwezi kumpigia simu. Deni la mtu usiyemjua linageuka kuwa lako. Mwambie aliyekuita: mimi nimepatana na wewe, nitajie tarehe. Akishindwa kabisa kutaja tarehe, fanya naye kwa kutwa na akulipe kila Jumamosi. Akikosa Jumamosi moja, utakuwa umepoteza siku sita na si wiki kumi.

Kama ni pointi, kaeni chini mkubaliane pointi ni nini. Kuna mafundi wanaohesabu taa na swichi yake kuwa moja, wengine wanahesabu mbili. Kuna swichi za njia mbili za kwenye ngazi na korido, yaani taa moja unaiwasha au kuizima kutoka sehemu mbili. Kuna soketi ya jiko, ambayo inavutiwa waya mnene peke yake mpaka kwenye meinswichi, na haiwezi kuwa bei moja na taa ya baraza. Andikeni. Karatasi ya daftari inatosha, saini zenu mbili, kila mmoja apige picha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini siku mkibishana utahitaji cha kuonyesha. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu nao unaweza kupokelewa kama ushahidi. Kwa hiyo mkipatana mkiwa mmesimama saiti, ukifika nyumbani mtumie: "Bosi, tumekubaliana hivi na hivi," naye ajibu.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko mengine ni kulipwa kwa hatua. Watu wetu wanajenga kidogo kidogo. Niliwahi kuweka mabomba ya umeme nyumba ya mama mmoja huko Chanika, plasta ikapigwa, halafu ukapita mwaka na nusu kabla hajaniita kuvuta waya. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anasomesha. Kama ningekuwa nimemwambia "utanilipa nikimaliza", tungegombana bure. Lakini tulikuwa tumelipana hesabu ya mabomba kabla ya plasta, kwa hiyo alipopiga simu nilimwamkia "shikamoo mama" kwa moyo mweupe, tukapanga bei ya waya upya kwa wakati huo.

Kila hatua ijitegemee, ilipwe na kufungwa. Mabomba na maboksi yalipwe kabla ya plasta, kwa sababu plasta ikishapigwa kazi yako haionekani na fundi mwingine anaweza kuja kuvuta waya ndani ya mabomba uliyoyaweka wewe. Waya ulipwe kabla ya kufunga swichi na soketi. Cha mwisho kiwe kidogo, na kilipwe siku ya kupima, mwenye nyumba akiwa amesimama hapo anawasha taa moja moja. Kuna wanaozuia fomu ya kuombea umeme TANESCO mpaka walipwe kila kitu. Mimi sipendi kufika huko. Ukiwa umelipwa kwa hatua, kilichobaki hakistahili kumweka mtu gizani.

Hela ya kuanzia iombe, lakini iwe ya nauli, chakula na msaidizi kwa siku za mwanzo. Hela ya vifaa usiichanganye humo. Mpe orodha anunue mwenyewe au mwende wote dukani, risiti abaki nazo yeye.

Ukifanya kazi ya kampuni au taasisi, watakukata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Kwenye 1,500,000 utapokea 1,425,000. Mwenye nyumba wa kawaida anayejenga kwake hakukati. Kwa hiyo wape TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, mapema, piga hesabu ya bei ukijua makato yapo, na udai cheti cha kodi hiyo, kwa sababu imelipwa kwa jina lako. Uliza pia nani anasaini malipo na mhasibu anachukua siku ngapi. Na mteja wa hapa nchini akikutajia dola, mrudishe kwenye shilingi: kanuni za 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Ukilipwa kwa simu, patana "na ya kutolea", yaani akuongezee makato ya kutoa hela kwa wakala. Kwa malipo mengi madogo makato hayo yanafika kutwa nzima ya msaidizi. Usikubali hela yako ipitie kwa msimamizi wala kwa fundi mwenzako. Itumwe kwenye namba yenye jina lako, ili taarifa ya miamala ikusemee.

Yule wa Kibaha tuliamua hivi: vyumba vilivyokwisha kuezekwa achukue pointi, upande ambao mwashi bado anajenga afanye kutwa, alipwe Jumamosi. Jioni akanitumia picha ya karatasi, pointi 64, saini mbili, tarehe ipo. Swichi za korido hawajaandika zinahesabiwa vipi. Nimemwambia kesho aanze na hilo kabla hajafungua boksi la vifaa.