Gari kuchuchumaa nyuma: nilivyobadilisha springi nyumbani, na kwa nini shokapu mpya hazikunisaidia

Mkuu, umesema gari lako limekaa chini nyuma hata likiwa tupu, fundi amekushauri ubadilishe shokapu, na unauliza kama springi zinaweza kubadilishwa nyumbani. Mimi nilipita humohumo, kwa hiyo niruhusu nianze na shokapu, maana ndipo pesa yangu ilipoteketea.

Shokapu ya kawaida ya mafuta haibebi gari. Linalobeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Ichukue shokapu mpya uibonyeze kwa mikono, utaona inaingia. Kitu kinachoingia kwa nguvu za mikono hakiwezi kuinua nusu ya gari. Nilifungiwa mbili mpya gereji, nikarudi nyumbani, nikasimama mbali kidogo nikalitazama gari: limechuchumaa vilevile. Gari likinesanesa kila baada ya tuta, shuku shokapu. Likikaa chini likiwa limesimama tu, shuku springi.

Kabla hujanunua chochote, pima. Simamisha gari mahali tambarare, toa kila kitu kwenye buti, kisha pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, kushoto na kulia, nyuma na mbele. Unaanzia katikati ya rimu ili upepo wa tairi au kwisha kwa kashata (meno ya tairi) kusikudanganye. Langu lilisoma milimita 358 kushoto na 341 kulia. Tofauti ya milimita 17 kati ya pande mbili ilinitia wasiwasi, nikalala chini na tochi. Springi ya kulia ilikuwa imekatika mzunguko wa chini kabisa, kipande cha urefu wa kidole kimebaki ndani ya kikombe chake, yaani kibakuli ambamo ncha ya springi hukaa, kimefunikwa na tope. Hapo ndipo nyingi hukatikia. Mchanga na maji hukaa kwenye kikombe, rangi inachubuka, kutu inachimba vishimo, na chuma kinachosokotwa kila dakika kinaanza kupasuka kwenye kishimo hicho.

Utaambiwa pia upachike vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi ili gari liinuke. Nakuomba usifanye hivyo. Springi ya mviringo hufanya kazi kwa waya wote kujisokota kwa pamoja. Ukibana mizunguko miwili kwa mpira umeitoa kazini, na iliyobaki inalazimika kujisokota zaidi kila gari linapopita shimo. Gari linakuwa gumu, na springi iliyochoka tayari inakaribishwa kukatika.

Sasa angalia springi zako zimekaaje, kwa sababu jibu langu linategemea hilo. Kama springi imesimama peke yake kati ya ekseli na bodi, na shokapu iko pembeni yake, kazi hii unaiweza. Kama shokapu imepita katikati ya springi, ishia hapo. Hiyo imefungwa ikiwa imebanwa, na ukifungua nati ya juu bila kibanio maalumu inaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono au kuua mtu. Mpelekee fundi mwenye kibanio kizima.

Kununua: nunua mbili, hata kama moja tu ndiyo imekatika, la sivyo gari litainama upande. Tumia namba ya chesesi, usitaje jina la gari peke yake, kwani gari la jina hilohilo linaweza kuwa na springi tofauti kulingana na injini na bodi. Nunua na mipira ya vikombe, juu na chini. Ile ya zamani yangu ilitoka kama makombo.

Siku moja kabla, pulizia bolti za chini za shokapu mafuta ya kulegeza kutu. Siku yenyewe, legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, zuia tairi za mbele kwa mbao, mbele na nyuma ya kila tairi, na uweke gia. Fahamu kwamba kwenye magari mengi handibreki hushika tairi za nyuma, na ukishaziinua hazishiki chochote. Gia nayo inasaidia tu kama gari linavutwa na tairi za mbele. Kwa hiyo zile mbao ndizo zinazokulinda. Sakafu iwe ngumu na tambarare. Inua, weka stendi mbili (vyuma vya kubebea gari lililoinuliwa) chini ya bodi, kwenye sehemu zilizotengwa kwa jeki, siyo chini ya ekseli, maana ekseli ndiyo utakayoishusha. Tairi ulizotoa zilaze chini ya kingo za gari. Kama stendi itateleza, gari litaangukia tairi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kuokota spana.

Halafu weka jeki chini ya ekseli, iinue kidogo mpaka uzito uondoke kwenye shokapu, legeza handibreki ili kebo zilegee, kisha toa bolti za chini za shokapu zote mbili. Hapa ndipo ninapotaka uwe makini kuliko mahali pengine pote. Shokapu ndiyo iliyokuwa inaizuia ekseli isishuke sana. Ukiitoa, kinachofuata kuizuia ni paipu za mpira za breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi zisigande ukifunga breki). Shusha jeki taratibu, simama, tazama, shusha tena. Paipu ikianza kukaza, chomoa klipu inayoishikilia kwenye bodi ili ipate nafasi; hakuna haja ya kuifungua na kumwaga mafuta ya breki. Magari mengine yana kifimbo kinachounganisha ekseli na vali ya breki, kifungue, usikipinde.

Springi ikishalegea inatoka kwa mkono. Sugua vikombe kwa brashi ya waya, safisha, paka rangi ya kuzuia kutu, pachika mipira mipya. Ncha ya waya wa springi ina mahali pake pa kuegemea kwenye kikombe, kigingi kidogo au ukingo. Izungushe mpaka iguse hapo kabla ya kupandisha jeki. Mara ya kwanza springi ya kulia niliipachika ikiwa imepishana kama upana wa vidole viwili, na gari likakaa milimita 9 juu upande huo. Nikafungua tena.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nilikaza bolti za shokapu ekseli ikiwa inaning'inia. Bushi ya mpira, ile iliyo kwenye tundu la shokapu bolti inapopita, hushikwa katika mkao iliyokazwa nao; ukiikaza ikiwa chini, gari likishuka inabaki imesokotwa muda wote. Baada ya miezi michache bushi yangu ya kushoto ilichanika na kuanza kugonga. Kwa hiyo zifunge bolti kwa mkono tu, shusha gari likae kwenye tairi zake, litikise nyuma mara kadhaa, ndipo ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama hufikii chini, inua ekseli kwa jeki mpaka kile kipimo cha rimu hadi fenda kifanane na cha gari likiwa limesimama, kisha kaza.

Baada ya kilomita 50 hivi nilikagua tena nati za tairi. Vipimo vilisoma 374 na 373, na baada ya wiki mbili vikatulia 370 pande zote mbili. Springi mpya hukaa kidogo, usishtuke. Rekebisha na taa za mbele, kwa sababu kama ulikuwa umezishusha kufidia gari lililochuchumaa, sasa zitamulika karibu mno.

Pima leo, uweke hapa vipimo vyote vinne na aina ya gari. Ukiweza, piga na picha ya mizunguko miwili ya chini ya kila springi, tuone kama kuna iliyokatika.