Kabla Hujaigawa 2⁶⁷ − 1

Wadogo zangu wa nadharia ya namba, juzi mmoja wenu kanionyesha kwa furaha kwamba 2⁶⁷ − 1 inagawanyika kwa 3. Sikumcheka. Ugonjwa huo naujua, nimeuguzwa nao. Haya, sikilizeni.

1. Kipeo p kuwa namba tasa hakutoshi kuifanya 2ᵖ − 1 iwe tasa. 2¹¹ − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Hili nisilisikie tena.

2. Uliza baki, usiulize desimali. Mwaka wangu wa kwanza niliandika programu ya Python: gawa n kwa p kwa alama ya /, jibu likiwa namba nzima, p ni kigawo. Kwa namba za darasani ilikwenda vizuri mno. Nikailisha 2⁶⁷ − 1, yaani 147,573,952,589,676,412,927. Ikakubali 3. Ikakubali 5, 7, 11, 13. Mwenye akili timamu angeshtuka: namba inayoishia na 7 inagawanyikaje kwa 5? Mimi nikashangilia. Nikaenda semina, nikajaza ubao vigawo, nikatoa na hotuba fupi juu ya namba hii ya maajabu. Mwalimu akaniacha nimalize. Chaki ilipoisha akanipa nyingine. Kisha akauliza kwa upole, “Na 2 je?” Nikaijaribu palepale, mbele ya watu wote. Ikakubali. Namba witiri, jamani, inagawanyika kwa 2!

Kumbe alama ya / hutunza biti 53 tu za usahihi. Jibu likishafika 2⁵², sehemu ya desimali haina pa kukaa, kwa hiyo kila jibu huonekana namba nzima. Chochote chini ya 32,768 kwangu kilikuwa kigawo. Andika n % p == 0, yaani baki ni sifuri, ukalale.

3. Tazama umbo kwanza. Kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe 134k + 1, k ikiwa namba nzima, basi 3 na wenzake hawafiki hata mlangoni. Kilicho kidogo kabisa hutokea k ikiwa 1,445,580. Kompyuta hukipata chai haijapoa.

4. Kujua kwamba namba si tasa si kuvijua vigawo vyake. Mersenne, mtawa na mwanahisabati Mfaransa, aliihesabu 2⁶⁷ − 1 kuwa tasa mwaka 1644. Lucas, mwanahisabati Mfaransa mwenzake, akathibitisha mwaka 1876 kwamba si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja! Ikangoja hadi Oktoba 1903, New York, F. N. Cole aliposimama ubaoni kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno: alikokotoa 2⁶⁷ − 1, pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, majibu yakalingana, akarudi kuketi huku ukumbi ukimpigia makofi. Mimi niliongea saa nzima.

5. Kagua kuzidisha kwako kwa baki ya kugawa kwa 9. Vigawo vya Cole vyote viwili huacha 1, na zao lao pia 1. Njia hii hunasa makosa mengi ya kunakili, ila tarakimu mbili zikibadilishana nafasi haioni kitu, na hilo ndilo kosa mnalolipenda kuliko yote.