Jibu: Transaminazi inayokwama katikati

Salamu ndugu, kutoka Ibanda, Bukavu. Unasema ketoni yako inageuka amini kwa asilimia 30 tu kisha inasimama, hata ukiongeza transaminazi, yaani kimeng'enya kinachohamisha kundi la amino kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Anza na ile alanini unayotumia kutoa kundi la amino. Piruvati inayotokana nayo inarudisha mmenyuko nyuma, na kimeng'enya hakihamishi msawazo (pale mmenyuko wa mbele na wa nyuma inapolingana kasi), kinaufikia haraka tu. Badala yake tumia isopropilamini kwa wingi, mradi kimeng'enya chako kinaivumilia, na asetoni inayotokana nayo uitoe kwa kupitisha naitrojeni. Isopropilamini ndiyo kampuni za Merck na Codexis zilizotumia kwa sitagliptini, dawa ya kisukari, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2010, ambamo transaminazi ilichukua nafasi ya kichocheo cha metali ya rodiamu. Pima pH unapoiongeza isopropilamini, maana ni besi na inaipandisha sana. Na PLP, kile kisaidizi cha kimeng'enya kitokanacho na vitamini B6! Yangu niliiacha dirishani kutwa, mwanga ukaiharibu. Sasa chupa naivalisha karatasi ya alumini.