ADC ya chini kwenye MRI: je, ni seli zilizosongamana?

Dada aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama ripoti ya mamake, inayosema kwamba uvimbe ulio kichwani una ADC (kipimo cha jinsi maji yanavyotembea kwa urahisi ndani ya mwili) ya 0.7 na kwa hivyo seli zake zimesongamana, inatosha kuanza matibabu bila kuchukua kipande cha kupimwa maabara. Nimefanya kazi katika chumba cha MRI hapa Nairobi kwa miaka 11, na jibu langu ni kwamba haitoshi, ingawa namba hiyo si ya kupuuzwa.

Mashine haihesabu seli. Nukta moja ya picha za MRI hubeba mamilioni ya seli, na kinachopimwa ni jinsi maji yanavyotembea kati yake na ndani yake. Kwa milisekunde 50 hivi, molekuli ya maji yaliyo huru, katika joto la mwili, husogea takriban mikromita 17 kuelekea upande mmoja, umbali unaokaribiana na upana wa seli; seli zikibanana, maji hugonga kuta na kurudi, kama mtu anayejipenyeza Gikomba siku ya soko akiwa na gunia begani. Maji huru husoma karibu 3.0 kwa kipimo hichohicho. Lakini, dada, ubongo wenye afya nao husoma kati ya 0.7 na 0.8, kwa hivyo 0.7 peke yake haisemi lolote mpaka ilinganishwe na upande wa pili wa kichwa cha mgonjwa yuleyule.

Tena si seli tu zinazozuia maji. Tulimpiga picha kijana mmoja aliyekuwa na homa na maumivu ya kichwa, na katikati ya uvimbe wake ADC ilikuwa chini kuliko uvimbe mwingi wa saratani niliowahi kuuona. Daktari wa upasuaji alipofungua alikuta usaha. Usaha ni mzito, maji hayapiti humo kwa urahisi. Damu iliyoganda nayo huvuruga kipimo.

Kosa la kinyume, la kuona ADC ya juu pasipostahili, nimelifanya mimi mwenyewe. Ili kupima ADC, nilichora kwenye picha duara kubwa lililofunika uvimbe wote, pamoja na sehemu ya katikati iliyokuwa imekufa, ambako maji hutembea kwa uhuru, na wastani ukapanda hadi uvimbe ukaonekana mpole. Msomaji wa picha alilichora upya pembeni, penye seli hai, na namba ikashuka. Basi ulizeni duara la mama lilichorwa wapi.

Mahali ADC inaponisaidia zaidi ni katika ufuatiliaji: seli zikifa kwa dawa au mionzi, nafasi hufunguka na namba hupanda, wakati mwingine kabla uvimbe haujapungua ukubwa, mradi mgonjwa arudi kwenye mashine ileile.

Jambo moja la haraka kabla ya miadi yenu. Limfoma ya ubongo, saratani ya seli za kinga, ni miongoni mwa uvimbe wenye ADC ya chini sana, nayo husinyaa mgonjwa akipewa deksamethasoni (dawa ya steroidi) kiasi kwamba kipande kinachochukuliwa baadaye kinaweza kukosa jibu. Kama mama hajaanza dawa hiyo, mwulizeni daktari wake kama inaweza kusubiri mpaka kipande kichukuliwe. Kama ameshaianza, asiiache bila kuambiwa. Na mbebe CD yenye picha zote, si ripoti pekee.