Ukitaka Kuchapa Wayang, Nenda Kwanza Ukale Mtaani

"Dada, nataka kuchonga na kuchapa wayang kama wewe. Ninunue mashine gani?" Wayang ni vile vikaragosi vya mchezo wa kivuli wa Java; mimi huwachonga wahusika wake kwenye ubao, nikawachapa kwenye karatasi. Ujumbe huu umenikuta hapa Yogyakarta, Indonesia, wiki ambayo nakala za picha ya Semar wangu zimegombewa hadi zikaisha, kwa hiyo nitajibu kwa maringo kidogo. Mnivumilie.

Mashine ya nini? Mji huu una Taring Padi, kundi la wasanii lililoanza 1998. Wao hupaka wino ubao mkubwa uliochongwa, hutandika kitambaa, kisha huukanyaga kwa miguu. Mimi nasugua karatasi kwa mgongo wa kijiko.

Kinachotakiwa ni kukaa angkringan, ule mkokoteni wa chakula wenye mabirika juu ya makaa na vifurushi vya wali wa kiganja kimoja, wenye sambal, ile pilipili ya kusaga, na dagaa, kwenye jani la mgomba. Karibu na stesheni ya Tugu huuzwa kopi joss, kahawa ya kaa la moto. Muuzaji hubana kaa jekundu kwa koleo, hulitumbukiza kwenye glasi ya kahawa, linachachatika na povu linafurika. Hapo ndipo nilipompata Semar, yule mtumishi wa kwenye wayang mwenye kitambi mbele na makalio nyuma, anayethubutu kuwaasa wakubwa. Nikamchonga amechuchumaa, kavaa batiki ya nakshi ya kawung, anapuliza glasi yake.

Mwenye nyumba moja ya sanaa aliitazama picha, akaniambia watalii wanataka Arjuna, yule shujaa mwana wa mfalme, si wanywa kahawa wa vichochoroni. Akanirudishia kwa vidole viwili. Mpaka leo nikikumbuka vile vidole, roho inaniuma.

Basi sikilizeni. Acheni kunakili sanamu za maduka ya zawadi! Kaa, kula, tazama mikono ya muuzaji. Kesho urudi ukae tena. Na kumbuka ubao hugeuza picha: mistari ya mshazari ya parang, nakshi nyingine ya batiki, italalia upande mwingine. Kwenye wayang, wahusika wema hupangwa kulia kwa dalang, yule mchezesha vikaragosi, na wapinzani kushoto, kwa hiyo usipogeuza mchoro kabla ya kuchonga, umewahamisha kambi. Wajava watakucheka, na wana haki.

Yule bwana wa nyumba ya sanaa, kumbe, ameniandikia juzi akiulizia Semar. Nimemjibu zimeisha. Imebaki moja, na simpi.